Shajara ya mradi: kulifuata ombi la ununuzi kutoka idarani hadi malipo

Wiki ya kwanza: mipaka

Mradi umeanza rasmi baada ya menejimenti kuidhinisha hadidu za rejea. Jukumu letu ni kuchora ramani ya mchakato mzima wa ununuzi wa vifaa na huduma za kawaida katika taasisi, kubaini unakwama wapi na kwa nini, kisha kupendekeza maboresho na kuyasimamia mpaka yazoeleke. Malalamiko yaliyouzaa mradi huu yanafahamika na kila mtumishi. Idara zinasema Kitengo cha Ununuzi kinachelewesha, Ununuzi wanasema Uhasibu ndio wanaokwamisha, Uhasibu wanasema nyaraka zinawafikia zikiwa na kasoro, na wasambazaji, ambao hawajui wala hawalazimiki kujua tumejipanga vipi ndani, wanasema tu kwamba wanapigwa danadana. Nimeyaandika yote kama yalivyotolewa bila kuamua nani mwenye haki, kwa sababu yanaweza kabisa kuwa kweli yote kwa pamoja.

Mjadala mrefu wa wiki hii ulihusu mipaka ya mchakato, nao haukuwa mjadala wa bure. Taarifa za robo mwaka za Kitengo cha Ununuzi huanza kuhesabu siku pale fomu inapopigwa muhuri wa kupokelewa kitengoni, na huacha kuhesabu pale hati ya agizo inapotumwa kwa msambazaji. Ndani ya kipande hicho kitengo kinafanya kazi vizuri, na takwimu zake hazidanganyi. Lakini kwa mwenye shida safari haianzii hapo wala haiishii hapo: fundi anayehitaji kifaa ameanza kusubiri tangu alipogundua kwamba cha zamani kimekufa, na msambazaji anaendelea kusubiri mpaka fedha ziingie kwenye akaunti yake. Kila kitengo kikijipimia kipande chake, siku zinazopotea kati ya kipande kimoja na kingine hazihesabiwi na mtu yeyote.

Tumekubaliana kwamba mchakato unaanza siku idara inapotambua hitaji, na kwamba una miisho miwili, yaani siku idara inapokabidhiwa ilichoomba na siku msambazaji anapolipwa. Zabuni kubwa zinazopitia bodi ya zabuni tumeziacha nje kwa kuwa zina utaratibu wake uliowekwa kwa kanuni. Tumeandaa pia jedwali fupi la safu tano linaloonyesha ni nani anatoa nini, kinachoingia, hatua kuu, kinachotoka, na anayekipokea. Jedwali lenyewe halichukui hata ukurasa mmoja, ila safu ya mwisho ilituchukua muda kuliko nyingine zote, kwa sababu karibu kila kitengo kilimtaja mkuu wake kuwa ndiye mpokeaji wa kazi, na wachache sana walimtaja yule anayekikalia kiti kinachofuata.

Wiki ya pili: mwongozo na watu wenyewe

Tumesoma mwongozo wa ununuzi, nyaraka zilizotolewa baadaye kuurekebisha, na fomu zote zinazotumika. Kwa mujibu wa mwongozo, ombi linatoka kwa mwombaji, linaidhinishwa na mkuu wa idara, Uhasibu wanathibitisha kwamba fedha zipo, linakwenda Ununuzi, bei zinakusanywa na kulinganishwa, hati ya agizo inatolewa, mali inapokelewa stoo, ankara inalinganishwa na hati ya agizo pamoja na hati ya mapokezi, kisha malipo yanafanyika. Hakuna sentensi hata moja inayoeleza ombi likirudishwa linapita wapi. Anayeusoma mwongozo huo angeamini kwamba katika taasisi yetu kila fomu hujazwa sawasawa na kila ankara huja na kiasi sahihi.

Mahojiano tumeyafanya kwa mtu mmoja mmoja, kwenye meza anayofanyia kazi, wala si kwenye ukumbi wa mikutano. Ukumbini, mbele ya wakuu wao, watu huusoma mwongozo kwa mdomo. Mezani wana majalada mbele yao, na majalada hayana adabu ya kuficha. Hata swali tumelibadilisha. Badala ya kuuliza mtu anafanyaje kazi yake, tunamwomba atuonyeshe ombi la mwisho lililopita mikononi mwake, atueleze lilimfikiaje, alilifanya nini, alilipeleka kwa nani, na alijuaje kwamba limefika. Swali hilo la mwisho ndilo lililozaa majibu marefu kuliko yote.

Karani wa masijala alitutolea kwenye droo daftari alilolipigia mistari mwenyewe kwa rula. Lina tarehe, namba ya jalada, limetoka kwa nani, limekwenda kwa nani, na pembeni kabisa safu nyembamba yenye kichwa “limeulizwa”. Kila mtu anapopiga simu au kuja dirishani kuulizia ombi lake, karani hutia mstari mdogo kwenye safu hiyo. Kuna majalada ambayo mistari yake imejaa mpaka ikavuka ukingo wa safu na kuingia kwenye kurasa za pili. Daftari hilo halitajwi popote kwenye mwongozo wala kwenye maelezo ya kazi ya karani, na bado ndilo kumbukumbu pekee katika jengo zima inayoweza kujibu swali la ombi liko wapi. Tumemwomba ruhusa ya kulitumia kama chanzo cha takwimu, naye amekubali kwa sharti kwamba asije akaambiwa kwamba anafanya kazi asiyotumwa. Sharti hilo nimeliwasilisha kwa maandishi kwa mkuu wake.

Wiki ya tatu: ombi moja la pampu

Tumelifuata ombi moja hatua kwa hatua, la pampu ndogo ya maji kwa ajili ya karakana. Tulilichagua kwa sababu halina upekee wowote.

Fundi mkuu alijaza fomu vizuri isipokuwa kisanduku kimoja kinachotaka namba ya kifungu cha bajeti. Alikiacha wazi kwa kuwa hakuwa na orodha ya vifungu, na hakuwa nayo kwa sababu orodha hiyo hutunzwa Uhasibu na haijawahi kusambazwa kwa mafundi. Mkuu wa idara alitia saini. Fomu ikapita masijala, ikafika Uhasibu, na mhasibu, aliyeishughulikia asubuhi ileile iliyomfikia mkononi, aliandika dokezo la maneno mawili, “Weka kifungu”, akairudisha. Fomu ikarudi masijala, ikaenda kwa mkuu wa idara, ikateremka karakana. Fundi akapanda mwenyewe ngazi kwenda Uhasibu, akatajiwa namba hiyo hata kabla hajaketi, akaiandika papo hapo. Kisha fomu ikabidi irudi kwa mkuu wa idara, kwa kuwa nyongeza yoyote kwenye fomu iliyokwisha kuidhinishwa lazima isainiwe pembeni, na mkuu wa idara alikuwa amesafiri. Kaimu wake alikuwapo, lakini barua yake ya kukaimu ilimpa mamlaka ya kusimamia watumishi, haikutaja nyaraka za fedha.

Hadi hapo hakuna mtu aliyezembea. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo lililobadilisha mtazamo wa timu yetu. Kila aliyeigusa fomu aliishughulikia kwa muda mfupi na kwa mujibu wa taratibu, na wengine waliongeza juhudi ambayo hakuna anayewalipa kwayo. Muda uliotumika kuifanyia fomu kazi, ukijumlishwa wote, ungetosha kwenye kikao kimoja kifupi cha watu wanne. Muda mwingine wote fomu ilikuwa imelala kwenye trei: trei ya zinazotoka, trei ya zinazoingia, trei ya kusubiri saini, begi la tarishi.

Sehemu ya pili ya safari ilikuwa na tabia hiyohiyo. Fomu ilisema “pampu ya maji” bila kutaja kiasi cha maji inachopaswa kusukuma kwa saa wala urefu wa kuyapandisha, hivyo ofisa ununuzi hakuweza kuomba bei mpaka ampate fundi, na fundi hakuwa na simu ya mezani. Bei zilipopatikana na hati ya agizo kutolewa, msambazaji alileta pampu haraka. Mtunza stoo aliipokea, lakini hati ya mapokezi hukamilika mtumiaji anapoikagua na kutia saini, na nakala ya Uhasibu husubiri zamu ya tarishi. Ankara ilitangulia kufika. Mhasibu aliiweka kwenye jalada lenye maandishi “zinazosubiri”, ambako ilikuta nyenzake nyingi.

Wiki ya nne na ya tano: uchoraji

Tumetandaza karatasi ndefu ukutani na kuigawa kwa mistari ya mlalo, kila mhusika na ujia wake: mwombaji, mkuu wa idara, masijala, Uhasibu, Ununuzi, stoo, msambazaji. Kila hatua tumeiandika kwenye kikaratasi cha kubandika ili iweze kuhamishwa bila kufuta. Tumeanza na programu ya kuchorea ikiwa imefungwa makusudi, kwa kuwa mchoro uliochapwa vizuri hutia watu woga wa kuukosoa.

Suala la alama limetuchukua muda, na nadhani lilistahili. Chati za mchakato zina historia ndefu. Frank Gilbreth na mkewe Lillian waliziwasilisha mbele ya chama cha wahandisi mitambo wa Marekani mwaka 1921, na mwaka 1947 chama hichohicho kilitoa kiwango chenye alama tano: duara kwa kazi, mshale kwa kuhamisha, mraba kwa ukaguzi, pembetatu kwa kuhifadhi, na herufi D kwa kuchelewa. Kiwango kinachotumika zaidi leo kwa michakato ya ofisini ni BPMN (Business Process Model and Notation), ambacho toleo lake la kwanza lilitoka 2004, toleo la 2.0 likatolewa na Object Management Group, shirika la viwango vya kompyuta, mwaka 2011, na kikathibitishwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510, mwaka 2013. BPMN ina uwezo mkubwa. Inaonyesha maamuzi, ujumbe kati ya taasisi na taasisi, matukio ya muda na njia zinazokwenda sambamba, na mifumo ya kompyuta inaweza kuusoma mchoro wake na kuutekeleza.

Hata hivyo kwa ukuta wetu tumechagua zile alama tano za zamani. Katika mchoro wa BPMN, kati ya hatua moja na nyingine kuna mshale tu, na msomaji wa kawaida huupita mshale huo kwa kufumba na kufumbua, ilhali fomu yenyewe ilikaa hapo siku kadhaa. Kuchelewa kunaweza kuonyeshwa kwa alama ya saa, lakini mchoraji anapaswa kukumbuka kuiweka. Herufi D inamlazimisha aulize kila mara kama kuna kusubiri. Toleo la BPMN tutaliandaa baadaye, baada ya watu kukubaliana juu ya ukweli wenyewe, kwa ajili ya kumbukumbu rasmi na kwa ajili ya wataalamu wa mifumo.

Tumechora pia njia za kurudi, kwa wino mwekundu. Kwenye karatasi yetu mistari myekundu ni mingi kuliko myeusi upande wa kushoto wa ukuta, kule maombi yanakoanzia.

Wiki ya sita: vipimo

Tarehe tumezichukua kwenye mihuri ya majalada yaliyofungwa na kwenye daftari la karani, kwa sampuli iliyochukua maombi ya idara zote badala ya yale yanayolalamikiwa tu. Kwa kila hatua tumeandika mambo matatu: muda wa kazi yenyewe, muda wa kusubiri kabla ya kazi kuanza, na kama ombi lilipita mara ya kwanza au lilirudishwa.

Nitaeleza hesabu tatu tulizozitumia, kwa sababu wakuu wa vitengo watauliza, na ni vema jibu liwe limeandikwa.

Ya kwanza ni kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: wastani wa maombi yaliyomo ndani ya mchakato ni sawa na kasi ya maombi kuingia mara wastani wa muda ambao ombi moja hukaa humo. Chukua mfano wa ofisi inayomaliza maombi 12 kwa siku huku yaliyomo yakiwa 180. Ombi linaloingia leo litatoka baada ya siku 15, hata kama kila mtu anafanya kazi kwa bidii. Uzuri wa kanuni hii ni kwamba haihitaji kufuatilia kila jalada. Ukihesabu yaliyoko kwenye trei na ukajua yanayotoka kwa siku, umepata muda.

Ya pili inahusu kurudishwa. Ikiwa kila hatua kati ya tano inapitisha asilimia 90 ya maombi bila kasoro, kila mkuu wa kitengo ataona kwamba kitengo chake kiko vizuri. Lakini maombi yanayopita hatua zote tano bila kurudishwa hata mara moja ni 0.9 ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani asilimia 59 tu. Hapa ndipo lilipo jibu la kitendawili cha vitengo vinavyofanya vizuri ndani ya taasisi inayolalamikiwa.

Ya tatu ndiyo iliyowagusa watu zaidi. Kwenye foleni ya mhudumu mmoja, ambako kazi hufika bila ratiba na kila moja ina urefu wake, wastani wa kusubiri hautegemei tu wingi wa kazi, unategemea pia nafasi aliyobaki nayo mhudumu. Akiwa ameshikika kwa asilimia 80 ya muda wake, kazi husubiri kwa wastani mara 4 ya muda wa kuihudumia. Akishikika asilimia 90, husubiri mara 9. Akifika 95, mara 19. Mhasibu anayethibitisha fedha ni mmoja kwa taasisi nzima, na sehemu kubwa ya kinachomshika ni fomu zile anazozirudisha na kuzipokea tena. Kila fomu inayorudi inaingia kwenye foleni mara mbili na kuwachelewesha hata wale waliojaza fomu zao vizuri. Kwa hiyo ukiondoa sababu ya kurudisha, unampunguzia kila mmoja muda wa kusubiri bila kumwongezea mhasibu msaidizi.

Wiki ya saba: kikao mbele ya ukuta

Wahusika wote wamekutana mbele ya karatasi. Tulimwomba kila mmoja asome kwa sauti ujia wake mwenyewe na kusahihisha palipokosewa. Mtunza stoo aliongeza hatua ambayo hakuna aliyeitaja kwenye mahojiano, ya kumtafuta mkaguzi kwa simu yake binafsi pale mtumiaji wa kifaa anapokuwa nje ya kituo.

Uhasibu hawakufurahi, na hawakuwa na makosa kutofurahi. Vikaratasi vya D vilikuwa vimerundikana ndani ya ujia wao, na mtu aliyeingia chumbani wakati ule angeondoka akiamini kwamba Uhasibu ndio ugonjwa. Mkuu wa kitengo hicho alisimama akauliza kwa utulivu: “Hii fomu inayosubiri kifungu cha bajeti, inamsubiri nani? Mimi nimekwisha kuisoma. Inasubiri kitu ambacho si changu.” Chumba kilinyamaza, kisha wakaanza kuulizana swali hilohilo kwa kila D: inasubiri nini, na kitu hicho kiko kwa nani? Walipofika mwisho, vikaratasi vingi vilikuwa vimehamishwa kutoka ndani ya njia za wahusika hadi juu ya mistari inayotenganisha njia hizo.

Picha hiyo mpya ndiyo tuliyoipiga na kuiweka kwenye kumbukumbu za mradi kama hali ilivyo. Inaonyesha kwamba muda wetu hauliwi na kitengo fulani, unaliwa kwenye makabidhiano, ambako kitengo kimoja kimeachia na kingine hakijashika, na ambako hakuna cheo chochote katika muundo wa taasisi kinachowajibika. Maboresho yote tunayopendekeza yanatokana na uamuzi wa kuanzia hapo.

Mkaguzi wa ndani alikuwapo tangu mwanzo wa kikao. Ninaona ushiriki wake wa mapema kuwa wa lazima. Hatua inayoonekana kuwa ya ziada inaweza kuwa ndiyo inayomzuia mtu mmoja kuomba, kununua, kupokea na kulipa peke yake, na ni yeye anayeweza kusema kwa mamlaka ipi ibaki. Alitusaidia kutenganisha saini zinazolinda fedha na saini ambazo ziliongezwa baada ya tukio fulani la zamani, zikaota mizizi, na leo hakuna anayekumbuka zinalinda nini.

Wiki ya nane na ya tisa: maboresho

Kishawishi kikubwa cha wiki hizi kilikuwa kununua mfumo wa kompyuta. Baadhi ya wajumbe wanaamini kwamba fomu zikiingia kwenye mfumo, kucheleweshwa kutakwisha. Naheshimu hoja hiyo, na mfumo unaweza kuja, lakini nimeandika wazi msimamo wa timu kwamba tusiuingize mchakato huu kwenye mfumo kabla haujanyooshwa. Fomu isiyo na kifungu cha bajeti itarudishwa kwa kasi zaidi, na bado itarudishwa.

Mfano uliotusaidia ni wa kampuni ya Ford, uliosimuliwa na mtaalamu wa menejimenti Michael Hammer mwaka 1990. Idara ya kulipa wasambazaji ya Ford huko Amerika ya Kaskazini ilikuwa na watu zaidi ya 500, na mpango wa mwanzo ulikuwa kupunguza asilimia 20 kwa kutumia kompyuta. Walipojilinganisha na Mazda walikuta kazi kama hiyo inafanywa na watu 5, pengo ambalo hata tofauti ya ukubwa wa kampuni hizo haikuweza kulieleza. Walipochunguza waliona kwamba muda mwingi ulikwenda kwenye kutafuta kwa nini hati ya agizo, hati ya mapokezi na ankara hazilingani, kwani mhasibu alilazimika kulinganisha vipengele 14. Walichofanya ni kuiondoa ankara kabisa. Mali ikifika, mpokeaji anaangalia kama kuna agizo linalolingana nayo. Likiwepo anapokea na malipo yanaandaliwa, lisipokuwepo mali inarudishwa. Vipengele vya kulinganisha vikabaki vitatu, na watumishi wa kazi hiyo wakapungua kwa asilimia 75.

Sisi hatutaiondoa ankara, kwa kuwa taratibu zetu za ukaguzi zinaitaka, na lengo letu si kupunguza watumishi. Tulichokichukua ni swali lenyewe: kasoro inazaliwa wapi, na je, inaweza kuzuiwa palepale badala ya kugunduliwa mwishoni na kurudishwa safari nzima?

Fomu mpya ya ombi ndiyo boresho nililolipigania kuliko mengine, ingawa ni karatasi tu. Nyuma yake kuna orodha ya vifungu vya bajeti vya idara husika, na mbele kisanduku cha kifungu kimekuwa sehemu ya kuchagua badala ya kuandika. Maelezo ya kiufundi yamepewa nusu ukurasa, pamoja na maswali yaliyoandikwa na maofisa ununuzi wenyewe kwa kila kundi la vifaa. Kwa pampu, kwa mfano, fomu inauliza kiasi cha maji kwa saa, urefu wa kuyapandisha na aina ya umeme. Tulipowaonyesha mafundi rasimu ya kwanza walisema maneno fulani hawayatumii, na maneno yao ndiyo yaliyobaki.

Barua za kukaimu sasa zitataja mamlaka ya kutia saini maombi hadi kiwango kilichowekwa. Maombi madogo yanayojirudia, ambayo fedha zake zimekwisha kutengwa mwanzoni mwa mwaka, hayatapita tena kwa mhasibu mmoja mmoja. Yatathibitishwa kwa pamoja kila robo mwaka na kukaguliwa kwa sampuli. Ununuzi na Uhasibu watapokea nakala kwa wakati mmoja, ili ukusanyaji wa bei usisubiri uthibitisho wa fedha, ila hati ya agizo haitatolewa bila uthibitisho huo.

Majaribio

Idara mbili zinatumia utaratibu mpya kwa sasa, karakana ikiwa mojawapo, na nyingine zinaendelea na wa zamani ili tuwe na cha kulinganisha nacho. Muda wa kila ombi unaingizwa kwenye chati ya udhibiti, yaani grafu ya vipimo kwa mfuatano wake yenye mstari wa wastani na mipaka ya juu na ya chini, chombo kilichobuniwa na Walter Shewhart mwaka 1924 kwa ajili ya viwanda na kinachofaa pia ofisini. Kwa vipimo vinavyokuja kimoja kimoja kama vyetu, mipaka hupatikana kwa kuchukua wastani, kisha kuongeza na kupunguza 2.66 mara wastani wa tofauti kati ya kipimo kimoja na kinachokifuata. Pale ambapo mpaka wa chini unaangukia chini ya sifuri, tunauacha. Faida yake kwetu ni kwamba inatuzuia kushangilia ombi moja lililokwenda haraka au kumwita mtu ofisini kwa sababu ya ombi moja lililochelewa, wakati vyote viwili viko ndani ya mtikisiko wa kawaida wa mchakato.

Tulichokiona hadi sasa ni kwamba maombi yanayorudishwa kwa kukosa kifungu cha bajeti yamekaribia kwisha katika idara za majaribio, na pointi za hivi karibuni za muda wa kusubiri Uhasibu zimekaa chini ya mstari wa wastani wa zamani mfululizo, dalili kwamba mchakato wenyewe umebadilika. Yanayorudishwa kwa upungufu wa maelezo ya kiufundi yamepungua kidogo tu. Tumeuliza sababu, na jibu limekuwa hilohilo kwa watu kadhaa: maswali ya fomu yanatosha kwa vifaa vinavyojulikana, hayatoshi kwa vifaa ambavyo taasisi haijawahi kununua. Kwa vifaa hivyo vya pili tunajaribu kumkutanisha mwombaji na ofisa ununuzi kwa simu kabla fomu haijajazwa, badala ya baada ya kurudishwa.

Foleni nayo imehama. Fomu zinapofika Ununuzi mapema na zikiwa kamili, trei ya ukusanyaji wa bei inajaa kuliko ilivyowahi kujaa. Mkuu wa kitengo amelipokea hili kwa moyo mzuri baada ya kuona kwamba chati inamtetea: maofisa wake hawajapunguza kasi, ila kazi inayowafikia imeacha kucheleweshwa njiani. Tunaandaa naye orodha ya wasambazaji waliokwisha kuhakikiwa wenye bei za makubaliano ya mwaka kwa vifaa vya kawaida, ili bei zisitafutwe upya kila mara kwa kitu kilekile.

Yaliyobaki

Menejimenti imemteua msimamizi mmoja wa mchakato mzima, ambaye hana mamlaka juu ya watumishi wa vitengo lakini ana haki ya kuitisha kikao pale kipimo cha makabidhiano kinapovuka mpaka. Uteuzi huu ulipingwa na baadhi ya wakuu kwa hoja kwamba unaongeza bosi. Nimeutetea, na nitaendelea kuutetea, kwa kuwa bila mtu wa aina hiyo mistari ya kati itarudi kuwa haina mwenyewe mara tu timu yetu itakapovunjwa.

Mwongozo wa ununuzi unaandikwa upya, safari hii ukiwa na njia za kurudi: nani anarudisha, kwa sababu zipi zinazokubalika, kwa muda gani, na moja kwa moja kwa nani bila kupitia ngazi zote tena. Safu za daftari la masijala zimeingizwa kwenye jedwali la pamoja ambalo idara zote zinaweza kulisoma, na karani amethibitishwa rasmi kuwa mtunzaji wake.

Upande wa stoo na malipo haujaguswa vya kutosha. Jalada la ankara zinazosubiri bado ni nene, na limepangwa kwa tarehe ya kupokelewa, mpangilio unaoonyesha ankara imekaa muda gani lakini hausemi inasubiri nini. Wiki ijayo tutalipanga upya pamoja na wahasibu kwa sababu ya kusubiri: isiyo na hati ya mapokezi, yenye kiasi kisicholingana, yenye bei tofauti na agizo, na isiyo na agizo kabisa. Kundi litakaloonekana kuwa kubwa zaidi ndilo tutakaloanza nalo, tukilifuata nyuma mpaka mlangoni kwa stoo.